Siku Kumi na Nne Kabla ya Mtihani wa Udaktari: Ratiba ya Kudurusu na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi husoma kwa Kiingereza kwa muda wa miaka sita, kisha hukabidhiwa mgonjwa ambaye mara nyingi hueleza maumivu yake kwa Kiswahili. Mtihani wake wa mwisho nao una sehemu mbili: karatasi za kuandika, na majaribio ya vitendo mbele ya mgonjwa na watahini. Licha ya hayo, ratiba nyingi za kudurusu hushughulikia sehemu ya kwanza pekee. Mwanafunzi hujifungia chumbani na vitabu vyake, akatoka siku ya mtihani akiwa hajatamka swali hata moja kwa lugha ya mgonjwa.

Makala haya yananuia kuonyesha jinsi ratiba fupi ya siku 14 inavyoweza kupangwa kwa kuzingatia yanayojulikana kuhusu kumbukumbu ya binadamu. Aidha, yanadai kwamba ratiba hiyo haijakamilika endapo haina muda wa kuyafanyia mazoezi mahojiano ya kitabibu kwa Kiswahili.

Kusahau na kukumbuka

Utafiti wa kisayansi kuhusu kusahau ulianza na Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha matokeo yake mwaka wa 1885. Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kupotea hupungua. Aligundua pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio yaliyorundikwa katika kikao kimoja.

Mnamo 2006, Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wale waliokisoma kisha wakajipima kwa kukieleza bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya siku mbili na baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Matokeo haya yana onyo kwa mwanafunzi anayedurusu. Kusoma tena humpa hisia kwamba amejua, na hisia hiyo humdanganya. Vivyo hivyo, kupiga mistari ya rangi chini ya maneno huupendezesha ukurasa tu pasipo kumpa msomaji uwezo wa kulikumbuka jambo.

Kutokana na hayo, kanuni tatu zinajitokeza. Kwanza, kujipima kupewe muda mwingi kuliko kusoma tena. Pili, kila somo lirudiwe zaidi ya mara moja, kwa nafasi ya siku kadhaa. Tatu, masomo yachanganywe kadiri mtihani unavyokaribia, kwani mgonjwa haji na bango linalosema kwamba ugonjwa wake unatoka sura ya 12.

Mgawanyo wa siku 14

Mfano unaofuata ni wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye masomo makuu manne: magonjwa ya ndani, upasuaji, magonjwa ya watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake.

(i) Siku ya 1: Mwanafunzi hufanya jaribio la kujipima katika masomo yote manne kabla ya kufungua kitabu. Kisha huorodhesha mada zote na kuzigawa katika vikapu vitatu: anazozimudu, anazozijua nusunusu, na asizozijua.

(ii) Siku ya 2 hadi ya 9: Kila somo hupewa siku mbili. Somo lililo gumu zaidi kwake hutangulia, ili liwe na siku nyingi za kurudiwa.

(iii) Siku ya 10 hadi ya 12: Masomo yote huchanganywa kwa njia ya maswali. Vitabu hufunguliwa kwa ajili ya kusahihisha tu.

(iv) Siku ya 13: Jaribio kamili hufanywa kwa muda uleule wa mtihani halisi, kisha husahihishwa.

(v) Siku ya 14: Makosa ya mwisho hupitiwa asubuhi. Alasiri ni ya mapumziko, na usiku ni wa kulala.

Vikapu vitatu husaidia katika kugawa dakika. Tuseme somo moja lina mada 24, na muda uliotengewa mada hizo kwa siku mbili ni saa 8, yaani dakika 480. Akizigawa sawasawa, kila mada itapata dakika 20, na mada anayoimudu itapata muda sawa na ile asiyoijua kabisa. Badala yake, mada 8 anazozimudu zipewe dakika 10 kila moja, jumla 80. Mada 10 za nusunusu zipewe dakika 20, jumla 200. Zinabaki dakika 200 kwa mada 6 asizozijua, takriban dakika 33 kwa kila moja. Muda haujaongezeka, umehamishwa tu kutoka pasipo na haja hadi penye haja.

Saa nane za siku

Siku moja ya ratiba hii ina vipindi vinne vya saa mbili. Vipindi viwili vya kwanza ni vya mada za siku hiyo: mwanafunzi husoma kwa muda mfupi, hufunga kitabu, huandika anachokumbuka, kisha hulinganisha. Kipindi cha tatu ni cha kurudia makosa ya siku zilizopita. Kosa la siku ya 2 hurudiwa siku ya 3, ya 5 na ya 9. Kosa la siku ya 9 hurudiwa siku ya 10, ya 12, na asubuhi ya siku ya 14. Daftari moja la makosa linatosha kwa kazi hii.

Kipindi cha nne hufanywa na watu wawili au watatu. Mmoja huwa daktari, mwingine mgonjwa, wa tatu mtahini. Majaribio ya vitendo yanayofanywa kwa vituo, ambapo mtahiniwa huhama kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa muda maalumu, yalielezwa na Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, mwaka wa 1975, na yameenea katika vyuo vingi vya udaktari duniani. Kituoni, anayejua jibu lakini asiyejua kuuliza swali hupoteza alama. Wodini, kinachoweza kupotea ni zaidi ya alama.

Utata wa maneno kitandani pa mgonjwa

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Mgonjwa akisema "mkono unaniuma", neno mkono linajumuisha sehemu yote kutoka begani hadi vidoleni. Mguu nao ni kutoka nyongani hadi wayo. Anayefikiri kwa Kiingereza huweza kuandika kiganja mahali pa kiwiko. Neno homa humaanisha joto la mwili, lakini wapo wanaolitumia kwa mafua, na wengine kwa malaria. Kifua ni sehemu ya mwili, na pia ni ugonjwa wa kukohoa. Kichomi ni maumivu makali ya ubavuni kwa huyu, na ni nimonia kwa yule. Choo ni mahali, na ni kinachotoka mwilini.

Isitoshe, upo upande wa tasfida. Mama aliyemzidi daktari umri hatarajii kuulizwa mambo ya ndani kwa maneno makavu. Mja mzito, siku za mwezi, haja kubwa na haja ndogo ni misemo inayomwezesha mgonjwa kujibu bila aibu. Mgonjwa aliyeaibishwa huficha, na daktari aliyefichwa hukosea.

Chukua kisa cha mtoto mchanga anayeharisha. Mwanafunzi anaweza kuzikariri dalili za upungufu wa maji mwilini: macho yaliyozama, ngozi inayorudi polepole ikifinywa, ulegevu. Lakini sharti pia aweze kuuliza: "Mama, mtoto alianza kuhara lini? Kwa siku anahara mara ngapi? Kuna damu? Ananyonya vizuri? Alikojoa lini mara ya mwisho?" Maswali haya ni mepesi kwenye karatasi. Kuyatamka kwa utaratibu, huku mtahini akitazama saa, kunahitaji mazoezi. Ratiba iliyopendekezwa inatoa vipindi 11 vya mazoezi hayo, kuanzia siku ya 2 hadi ya 12, yaani saa 22.

Mipaka ya ratiba fupi

Ratiba ya siku 14 haiwezi kuchukua nafasi ya miaka sita ya masomo. Inamfaa aliyesoma na kusahau. Haimfai ambaye hakusoma. Vilevile, haipaswi kulipiwa kwa usingizi. Kulala kunasaidia ubongo kuyaimarisha yaliyosomwa mchana, hivyo anayekesha usiku wa kuamkia mtihani huvuruga kazi aliyokwisha kuifanya. Mwanafunzi akiugua au akiachwa nyuma na ratiba yake, asijaribu kufidia kila kitu. Aondoe kwanza mada anazozimudu, na avibakize vipindi vya makosa na vya mahojiano.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mbali na kuwa lugha ya taifa. Hata hivyo, hadhi ya kikatiba haimfundishi daktari kutofautisha kichomi na kichomi. Kazi hiyo inawangoja wanafunzi wa Kiswahili. Inapendekezwa kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni vijitolee kila muhula, majuma mawili kabla ya mitihani, kutoa wanachama watakaoigiza wagonjwa katika kipindi cha nne. Mwanachama atajifunza istilahi za tiba jinsi zinavyotumika midomoni mwa watu, na atapata data ya utafiti kuhusu polisemia na tasfida. Mwanafunzi wa udaktari naye atasahihishwa akiwa mbele ya mgonjwa wa kuigiza, kabla hajakutana na yule wa kweli.