Mwalimu Naye Yu Mwanafunzi: Jinsi ya Kujipangia Shahada ya Uzamivu Ukiwa Kazini

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alinikuta maktaba nimeinamia daftari, akaniamkia, kisha akauliza, "Mwalimu, kumbe nawe bado unasoma? Mtihani wako ni lini?" Wenzake walicheka, nami nikacheka. Lakini swali lake lilikuwa jema, na jibu lake ni refu. Kwa hiyo nimeonelea niliandike hapa kwa faida ya wanafunzi, ya walimu wenzangu, na ya wazazi wanaojiuliza mwalimu aliyekwisha ajiriwa anatafuta nini tena shuleni.

Shahada hii ni nini

Amalizaye Kidato cha Sita akaingia Chuo Kikuu hupata shahada ya kwanza. Baada yake huja shahada ya uzamili, na juu ya hiyo shahada ya uzamivu. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania uzamivu ni ngazi ya 10, wala hapana ngazi iliyo juu yake. Neno lenyewe latukumbusha kuzama. Katika shahada ya kwanza mtu huonyesha ya kuwa ameyafahamu mambo waliyovumbua wengine. Katika uzamivu yampasa azame mwenyewe, arudi na jambo jipya, tena aweze kulithibitisha mbele ya wataalamu. Basi, kijana wangu, mtihani wangu hauna tarehe ubaoni. Mtihani wangu ni swali ambalo sharti nilitunge mimi mwenyewe, kisha nilijibu.

Kutafuta swali

Hapa ndipo wengi hujikwaa, nami nalijikwaa. Mara ya kwanza nilichagua kichwa hiki: "Matatizo ya Elimu ya Sekondari Tanzania." Msomi mmoja niliyemwonyesha alisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Utaanzia mkoa gani, na utamaliza ukiwa na umri gani?" Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa.

Swali langu la kweli nililipata hapa hapa Tukuyu, siku ya mvua. Wote twajua mvua yetu inavyopiga bati hata sauti ya mwalimu isisikike. Nilikuwa nimefundisha Kidato cha Kwanza kwa Kiingereza, nikauliza kama wameelewa, nao wakaitika kwa pamoja ya kuwa wameelewa. Mvua ikatuzuia kutoka. Nikiwa nimesimama barazani nilimsikia msichana mmoja akiwaeleza wenzake somo lile lile, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kinyakyusa, nao wakimwuliza maswali mengi. Darasani hapana hata mmoja aliyeuliza. Nikaandika daftarini: "Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza asiyeelewa somo humwuliza nani, na kwa lugha gani?" Swali hilo ni dogo, lakini lashikika mkononi.

Nisingependa mdhani ya kuwa mimi ni wa kwanza kuliona jambo la lugha. Halima Mwinsheikhe alikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari za nchi hii. Aliona ya kuwa wanafunzi hawamwelewi kwa Kiingereza, akajikuta analazimika kugeukia Kiswahili. Hakuishia kulalamika katika chumba cha walimu. Alilifanya jambo hilo kuwa utafiti wake wa uzamili, kisha mwaka 2007 akatoa tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, juu ya njia wanazotumia walimu na wanafunzi wa sayansi ili kuvuka kikwazo cha lugha. Angalieni basi: shida ya darasani ndiyo iliyokuwa mbegu ya kazi yake.

Na hapa Rungwe twafahamu vema maana ya kuchunguzwa. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa kati ya Wanyakyusa wakiandika desturi zetu, na mwaka 1951 Monica Wilson akatoa kitabu chake Good Company, juu ya vijiji vya watu wa rika moja. Walifanya kazi kubwa. Lakini mwalimu anayeishi hapa, anayewajua watoto na wazazi wao, naye ana jambo la kuchunguza.

Hesabu ya saa

Sasa tufanye hesabu, maana nia isiyo na hesabu ni ndoto. Mwenye kusoma kutwa kwa saa 8, siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, hupata saa 1,920 kwa mwaka. Tukikadiria miaka 3, ni saa 5,760.

Mimi naamka saa 10 alfajiri, nasoma mpaka saa 11 na nusu. Kwa siku 5 ni saa 7 na nusu. Jumamosi naongeza saa 4, jumla saa 11 na nusu kwa wiki. Kwa wiki 40 za masomo ni saa 460. Katika likizo naweza kusoma kutwa kwa wiki 8, yaani saa 320. Wiki 4 zilizobaki ni za shamba, wagonjwa, na misiba, kwani mwalimu naye ni mtu wa watu. Basi kwa mwaka napata saa 780, na kwa miaka 5 saa 3,900.

Toa 3,900 katika 5,760: zabaki 1,860. Huo ni karibu mwaka mzima wa kusoma kutwa. Maana yake ni hii: mwalimu aliye kazini ama aombe ruhusa ya mwaka mmoja, ama akubali kusoma zaidi ya miaka 7. Anayewaambia ya kuwa alfajiri peke yake yatosha, hajapiga hesabu.

Tena kuna mtego mwingine. Likizo yangu ndiyo likizo ya shule zote, nami sitaweza kuchunguza madarasa matupu. Kwa hiyo kazi ya kukusanya habari sharti iwe ndani ya ule mwaka wa ruhusa, nayo ianze Januari, wageni wa Kidato cha Kwanza wanapoingia.

Barua na ruhusa

Chuo si lazima kiwe mbali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha watu walio makazini, nacho kina kituo Mbeya, safari ya kama kilometa 70 tu kutoka hapa. Lakini kabla ya kuanza, ombi la ruhusa huandikwa kwa mwajiri, yaani Mkurugenzi wa Halmashauri, nalo hupitia kwa Mkuu wa Shule. Wakati wa utafiti, barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, na mwisho shuleni. Tunzeni nakala ya kila barua.

Nanyi wanafunzi, jueni haki yenu. Mwalimu akitaka kuwachunguza kwa ajili ya shahada yake, sharti wazazi wenu waarifiwe na kukubali, majina yenu yafichwe, na mwanafunzi asiyetaka aachwe bila kupunguziwa hata alama moja.

Nani atalifundisha darasa langu?

Hili ndilo lililoninyima usingizi kuliko ada. Shahada inayopatikana kwa kuwaacha watoto njiani ina faida gani? Kwa hiyo nimeomba ruhusa yangu ianze mwanzoni mwa mwaka, si katikati, ili Kidato cha Pili cha sasa nikifikishe kwenye upimaji wao wa taifa. Mwalimu mwenzangu amekubali kuyapokea madarasa yangu, nami namwandikia matayarisho ya masomo yote. Jibu la ombi bado halijaja. Likichelewa, nitaendelea na alfajiri zangu, na miaka 7 itakuwa 7.

Walimu wenzangu, msingoje jibu la mtu ndipo mwanze. Nunueni daftari leo. Kila Ijumaa andikeni jambo moja mliloliona darasani msilolielewa. Baada ya mwaka mtakuwa na mambo kama 40, na moja katika hayo laweza kuwa swali lenu.

Nawe kijana uliyeniuliza, ukinikuta tena maktaba, karibu uketi. Meza ni ndefu, yatutosha sote wawili.