Kurudi Chuo Ukiwa Mtu Mzima: Anza na Bahasha ya Vyeti

Mtu anayetaka kurudi chuo baada ya miaka ya kazi na malezi huhofia kwanza kichwa chake: je, bado kinashika? Kwa Tanzania, kinachomkwamisha mapema zaidi ni makaratasi.

Toa vyeti vyote, vilinganishe na kitambulisho cha NIDA. Mwanamke aliyefanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina la baba, kisha akajisajili kwa jina la mume, lazima ataulizwa. Herufi moja iliyopishana huweza kumalizwa kwa kiapo mbele ya wakili; jina lililobadilika lote linahitaji hati iliyosajiliwa. Cheti kikiwa kimepotea, anzia polisi upate taarifa ya upotevu, ndipo uende Baraza la Mitihani. Usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe, maana haya huchukua muda.

Ukiwa na alama za kidato cha sita au stashahada inayokubalika, unaomba kama kijana yeyote. Tangu 2017 maombi ya shahada ya kwanza hutumwa chuoni moja kwa moja, hivyo anayekudai pesa ili “akupitishie Tume ya Vyuo Vikuu” mkimbie. Alama zikiwa pungufu, Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi ya kukuvusha. Na ipo njia wanayoisahau wengi: Tume hiyo ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Mwombaji hufanya mtihani na kuwasilisha jalada la ushahidi wa kazi zake. Barua za ajira, vyeti vya semina na ripoti ulizoandika ndizo zitakazokutetea, kwa hiyo acha kuzifungia vitumbua.

Wala kuingia chuo ukitokea kazini si fadhila mpya. Azimio la Musoma la 1974 liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Mwanafunzi mwenye watoto nyumbani hakuwa kioja.

Chuo Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, hufundisha kwa masafa na kina vituo mikoani. Anayeishi Songea hana haja ya kuhamia Dar es Salaam. Lakini uhuru huo una bei yake: hakuna kengele wala mwalimu wa kukuuliza ulikuwa wapi. Kama hujawahi kujisimamia, afadhali madarasa ya jioni, yakiwapo karibu.

Kuhusu ada, usijenge bajeti juu ya Bodi ya Mikopo kabla hujasoma mwongozo wa mwaka husika, hasa kipengele cha ukomo wa umri. Mtumishi wa umma naye aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi. Anayesoma kimyakimya huweza kuhesabiwa mtoro, na shahada yake ikaleta mvutano siku ya kuomba kubadilishiwa kada. Barua ya ruhusa iwe mkononi kabla hujalipa hata shilingi ya ada.