Mtoto Hushika Lugha Akicheza



Swali hili tumeulizwa mara nyingi: "Mtoto wangu anajua lugha ya nyumbani tu. Akienda nasari si atabaki nyuma?" Wazazi wengine kwa hofu hiyo wameacha kabisa kumwongelesha kwa lugha yao. Wanamsemesha Kiswahili cha kuokotaokota, au Kiingereza cha "kamu hia".

Tuwasimulie tuliyoyaona Trans Nzoia. Kikundi kimoja cha akina mama kilipokea familia iliyotoka Turkana. Binti yao wa miaka minne alijua Kiturkana tu, na watoto wenzake, kwa kuwa wametoka makabila mbalimbali, hucheza kwa Kiswahili. Akina mama wakihesabu michango, watoto wanapika ugali wa matope kando. Wiki nyingi yule binti hakusema neno. Akiambiwa "lete maji", anaangalia wenzake wanaenda wapi, naye anafuata. Mama yake akataka kumpeleka hospitali! Halafu siku moja, wakiruka kamba, tukasikia sauti mpya: "Sio zamu yako!"

Kimya kile hakikuwa ugonjwa. Alikuwa anasikiliza. Kwenye mchezo neno huja pamoja na kitendo, na hurudiwa mara ishirini bila mtu kuchoka. Tena mtoto ana haja nalo, maana asipolijua atapitwa na zamu yake.

Miaka ya 1970 huko California, Marekani, mtaalamu Lily Wong Fillmore alifuatilia watoto watano waliosema Kihispania wakijifunza Kiingereza kwa kucheza na wenzao. Aliona kwamba kwanza mtoto hujiunga na wenzake na kujifanya anaelewa. Kisha hudaka maneno machache mazima mazima, na baadaye huyakatakata. Ndivyo ilivyokuwa kwa binti wetu. Kutoka "sio zamu yako" alipata "zamu yangu", kisha "zamu ya nani?" Hakuna aliyemfundisha ngeli.

Basi msishtuke mtoto akichanganya lugha mbili katika sentensi moja. Hajachanganyikiwa, anatumia alichonacho. Ila tusimcheke, na ile tabia ya kumvalisha mtoto "diski" shingoni kwa kusema lugha ya mama haimfundishi kitu ila aibu. Hata sera ya elimu ya Kenya inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Hadithi na mazungumzo ya nyumbani yaendelee kwa lugha mnayoijua vizuri. Kiswahili atakipata kwa wenzake, mradi apewe nafasi ya kucheza nao.

Na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu wengi wetu huwafungia watoto uani wasichezee kwa jirani wa kabila lingine.

Ya kujadiliana kikundini:

Siku ya mkutano watoto wetu hukaa wapi, na nani huwaangalia?

Nani ataleta kamba ya katani na mpira wa matambara mkutano ujao?

Kuna familia gani kijijini ambayo watoto wake hawajaalikwa kucheza?