KAZI YA KUTUNGA SHANGA NA HUKUMU ZAKE

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wako watu wadhanio kwamba shanga ni mchezo wa wanawake na watoto, na kwamba haimpasi mwanamume kuzishika wala kuuliza khabari zake. Dhana hii si sawa. Safari moja Bibi Aisha (r.a.) alikuwa pamoja na Mtume (s.a.w.), mkufu wake ukakatika ukapotea. Jeshi zima likasimama kuutafuta, hali hawakuwa na maji, na hapo ikateremka aya ya kutayamamu. Alipoinuliwa ngamia, mkufu ukaonekana chini yake. Na mkufu wa shanga za Dhafari ya Yaman ndio uliomchelewesha nyuma ya msafara, wanafiki wakapata kumzulia, na Mwenyezi Mungu akamsafisha kwa aya za Sura ya Nur. Basi kitu kilichoingia katika khabari kama hizi si cha kudharauliwa.

FASILI YA KWANZA: Asili ya kazi hii

Watu wa pwani hawakungoja majahazi ya kigeni ndipo wakajua ushanga. Huko Tumbe, kisiwani Pemba, vimechimbuliwa vigae vingi vya vyungu vyenye mifuo, navyo ni vya baina ya karne ya 7 na ya 10 ya miladi. Wataalamu wamebaini kuwa juu ya vigae hivyo watu walisugua vipande vya kombe za pwani mpaka vikawa shanga za mviringo. Na vigae hivyo vilionekana majumbani, jambo lioneshalo kuwa kazi hii ilifanywa nyumbani, pamoja na shughuli nyingine za siku.

Ama akiki nyekundu, sehemu kubwa imetoka Khambhat katika nchi ya Gujarat, Bara Hindi. Mawe yake huchimbwa upande wa Ratanpur. Kwanza huanikwa juani, kisha hutiwa katika vyungu na kuokwa kwa moto wa polepole, na chuma kilichomo ndani ya jiwe ndicho kigeukacho kikalipa wekundu. Baadaye fundi huliegemeza jiwe juu ya ncha ya chuma na kulimenya kwa nyundo ya pembe, kigae baada ya kigae, kisha hulisugua. Tundu hutobolewa kwa kekee ya upindi yenye chembe za almasi nchani, nusu upande huu na nusu upande wa pili, ili jiwe lisipasuke.

Na jambo la kupendeza kwa watu wa Afrika ni hili, kwamba mafundi wa huko humtaja Bava Gor, ambaye kaburi lake liko Ratanpur, kuwa ndiye aliyestawisha biashara ya akiki. Nao husimulia kuwa mtu huyo asili yake ni Habashi. Hata leo watumishi wa kaburi lake ni Masidi, yaani wazao wa watu wa Afrika waliohamia Hindi.

FASILI YA PILI: Namna ya kutunga tasbihi

Mwenye kutaka kujifunza na aanze na tasbihi, kwani ni kazi nyepesi na chombo chake chamfaa mwenyewe. Kete zaweza kuwa za kokwa za tende, za mpingo, za sandali au za akiki. Idadi yake ni 99, na baada ya kila 33 hutiwa kete ya umbo jingine iwe mpaka. Kwa hivyo mipaka ni miwili, na mwisho huwekwa kete moja ndefu ambapo ncha mbili za uzi hukutana.

Kwanza kete zimwagwe juu ya kitambaa cheupe, zichaguliwe kwa ukubwa, na iliyopasuka itengwe. Kisha kila tundu litazamwe, kwani tundu lenye ukingo mkali hukata uzi. Dawa yake ni kupitisha uzi uliotiwa mchanga laini na kuuvuta huku na huku mpaka ukingo ulainike. Uzi wa pamba ukunjwe mara mbili na upakwe nta ya nyuki, na ncha yake isokotwe kwa nta hiyo mpaka iwe ngumu kama sindano. Kabla ya kufunga fundo, iachwe nafasi ya kete mbili au tatu, kwani tasbihi iliyobanwa haiendi kidoleni na hukatika upesi.

Na ajue mwanafunzi kwamba kuhisabu kwa vidole ndiko kulikopokewa kwa Mtume (s.a.w.). Tasbihi ni msaada tu, wala thawabu haizidi kwa uzuri wa kete.

FASILI YA TATU: Masuala

Suali: Je, kazi ya mkono humpunguzia mtu heshima?

Jawabu: Hasha. Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa hapana chakula bora kuliko kile mtu alichokipata kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud (a.s.) alikuwa akila kwa kazi yake mwenyewe. Naye Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma na akamwamrisha apime sawasawa pete za deraya. Ndani ya amri hiyo mna mafunzo kwa kila fundi, kwamba kipimo ni katika ibada.

Suali: Mwanamume atengeneze nini na avae nini?

Jawabu: Pete ya fedha yajuzu kwake. Dhahabu ni haramu kwake kuivaa, wala si haramu kumtengenezea mkewe au bintiye. Ama ushanga unaovaliwa kwa itikadi kwamba wenyewe huzuia husuda au maradhi, huo haufai kuvaliwa, kutungwa wala kuuzwa, kwani anufaishaye na adhuruye ni Mungu peke yake.

Suali: Aliyechanganya bilauri na akiki akaziuza zote kwa jina la akiki?

Jawabu: Hiyo ni ghishi. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya chakula sokoni, akakuta ndani ni maji maji na juu ni kikavu, akamkanya mwenyewe kwamba adanganyaye si katika wenziwe. Auzaye bilauri na aseme ni bilauri.

Suali: Mkufu wenye dhahabu na shanga huuzwaje?

Jawabu: Hapa ndipo wengi hutelezea, basi na pasomwe kwa uangalifu. Sahaba Fadhala bin Ubaid (r.a.) alinunua siku ya Khaibar, mwaka wa 7 wa hijra, mkufu wa dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipoutenganisha, akapata ndani yake dhahabu iliyozidi dinari 12. Akamweleza Mtume (s.a.w.), naye akasema kuwa mkufu kama huo usiuzwe mpaka utenganishwe. Kwa nini? Kwa sababu dinari ni dhahabu, na dhahabu kwa dhahabu haijuzu illa uzani sawa na mkono kwa mkono, na shanga zilizochanganyika huficha uzani.

Leo mtu hupeleka kwa sonara kidani kikuukuu cha tola 3, akapewa kipya cha tola 2 na nusu, na ile nusu ikawa ujira wa kazi. Wote wawili huondoka wameridhika, na hiyo ni riba, kwani ridhaa haihalalishi kilichoharamishwa. Njia ya salama ni nyepesi. Na auze kikuukuu kwa fedha taslimu, azipokee mkononi, kisha anunue kipya kwa bei watakayoafikiana. Na malipo yasicheleweshwe, kwani wanavyuoni wengi wa zama hizi wameziweka noti katika hukumu ya dhahabu na fedha. Ama shanga tupu zisizo na dhahabu wala fedha, hizo ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na kuziuza kwa deni kwajuzu.

KHATIMA

Yamkini mtu akaketi barazani baada ya sala ya isha, akatunga kete zake kwa starehe ya moyo, asiwe na haja ya kuuza hata moja. Hilo ni jema, maadamu halimpitishi wakati wa sala wala halimsahaulishi watu wa nyumba yake. Lakini siku atakayotia ushanga mmoja mizanini ili auze, siku hiyo mchezo umekuwa biashara, na biashara ina hisabu mbele ya Mola. Na ajifunze hukumu kabla hajafungua mkono kupokea.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na mikono yenye uaminifu. Amin.