FARAJA NDOGO ZA KILA SIKU

Mtu akichoka hudhani kwamba dawa yake ni mapumziko marefu: likizo, safari ya kwao, au siku nzima asiyoombwa jambo na mtu yeyote. Siku kama hiyo huja kwa nadra, na wengine hawaipati kabisa. Je, Mwenyezi Mungu amemwacha mja Wake katika uchovu mpaka siku hiyo ifike? La, hasha! Ndani ya kila siku ameweka vituo vingi vya kupumzikia. Upungufu uko kwetu sisi tunaovipita bila kuvitambua.

Kurani Tukufu, katika Sura An-Nabaa, yautaja usingizi kuwa ni pumziko, usiku kuwa ni vazi, na mchana kuwa ni wakati wa kutafuta maisha. Na katika Sura Ar-Rum, kulala kwetu usiku na mchana kumehesabiwa miongoni mwa Ishara Zake. Basi hata lepe la usingizi wa adhuhuri si jambo la kudharauliwa.

Tena twasoma katika Hadithi kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. alimwagiza Bilali r.a. asimamishe Sala ili wapate kuburudika kwayo. Wengi wetu leo twaharakisha Sala ili tukapumzike. Yeye alipumzika kwa Sala. Vile vile alifundisha kwamba mwenye kufunga ana furaha mbili: moja anapofuturu, na nyingine atakapokutana na Mola wake. Tazama jinsi furaha ya kufuturu, ambayo pengine ni tende moja na funda la maji, ilivyotajwa pamoja na furaha iliyo kuu kuliko zote!

Pengine mtu atasema kwamba kufurahia mambo madogo ya dunia ni kughafilika na dini. Hofu hiyo alikuwa nayo Hanzala r.a., mmoja wa waandishi wa Mtume s.a.w. Alijiona kuwa mnafiki kwa sababu mbele ya Mtume moyo wake ulijaa habari za Akhera, lakini akirudi kwa mke na watoto wake, mengi aliyasahau. Hadhrat Abubakar r.a. akakiri kwamba naye huona hali hiyo hiyo. Walipofika kwa Mtume s.a.w., hakuwakemea, bali aliwafahamisha kwamba kila jambo lina saa yake.

Mimi mwandishi nilijifunza somo hili kwa taabu. Kwa miezi kadhaa nilimwuguza mama yangu, ambaye hakuweza kuinuka kitandani bila kusaidiwa. Usiku niliamka mara tatu au nne. Alfajiri moja aliniita, nami nikamjibu kwa ukali. Hakusema neno, aligeuza uso wake ukutani.

Nikatoka nje kutawadha, moyo umenisuta, kwani nilikumbuka Sura Bani Israil ikatazayo kuwaambia wazazi hata neno dogo la kuchoshwa nao. Maji ya mtungi yalikuwa baridi. Jogoo wa jirani akawika, na harufu ya maandazi ikaja na upepo. Mambo hayo yalikuwapo kila alfajiri, lakini fikira zangu zilikuwa zimekwisha tangulia kwenye kazi za mchana. Nilisali kwa utulivu, kisha nikarudi kumwomba mama radhi. Akaniuliza kama nimekwisha kunywa chai.

Tangu siku ile uchovu haukuniondoka, lakini ukali ulipungua. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utawadhapo, yahisi maji usoni pako. Ulapo, tulia kidogo baada ya kusema Bismillahi. Na kabla ya kulala, kumbuka neema moja ya siku hiyo, umshukuru Mola wako kwa kuitaja. Wala maneno haya yasiwe kisingizio cha kumwachia mtu mmoja mzigo wote: anayeuguza apokewe zamu, na aliyechoka asaidiwe. Huenda dakika chache utakazomshikia mwenzako kazi zikawa ndizo faraja yake ya siku hiyo.

Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuziona neema Zake, na ndimi laini kwa wale tunaowatumikia. Amin.