Ukifika Mvumi, mwili wako uanze kusalimia

Umepangiwa kazi Mvumi, mkoani Dodoma, au umetumwa huko kupeleka posa. Kiswahili unacho. Sasa uandae mwili.

Simama pembeni ya mlango, piga hodi, ngoja. Kwenye tembe, ile nyumba ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, ndani kuna giza. Aliye ndani amekuona kabla hujamwona. Usichungulie.

Vua kofia. Simu iingie mfukoni.

Sema "Mbukwenyi". Salamu hiyo ya Kigogo hufungua uso wa mwenyeji hata ukiitamka vibaya. Toa mkono wa kulia, wa kushoto ushike kiwiko cha kulia, inama kidogo. Mzee akiendelea kukushika huku anauliza habari za safari, za nyumbani, za mvua, mwachie mkono wako. Yeye ndiye atakayeuachia. Hapa ndipo vijana wengi wa mjini wanapokosea: wanauchomoa mkono kama walioshika sufuria la moto, na mzee anaelewa kwamba hawana muda naye.

Mama mtu mzima asiponyoosha mkono, usimlazimishe. Weka wako kifuani, msalimie kwa mdomo.

Ukipewa kigoda, keti. Usizungumze na mzee aliyeketi huku wewe umesimama.

Na mtoto au mgonjwa akiinamisha macho unapomsemesha, usimwambie "niangalie". Anakuheshimu.

Kuna jambo moja naomba ulishike kuliko yote. Mkoa wa Dodoma umesumbuliwa na ugonjwa wa macho wa trakoma kwa miaka mingi, na hospitali ya Mvumi inajulikana kwa matibabu ya macho. Kwa hiyo utakutana na mzee asiyeona vizuri. Tabasamu lako halimfikii. Toa sauti ukiwa bado hatua tatu au nne, taja jina lako na umetoka kwa nani, kisha gusa taratibu mgongo wa mkono wake. Mkitembea, usimvute fimbo. Mpe kiwiko akishike mwenyewe, wewe utangulie nusu hatua, umwambie penye shimo au ngazi.

Wakati wa kuaga usinyanyuke ghafla. Omba ruhusa, subiri aitikie. Akiinuka kukusindikiza, punguza mwendo ufuate wake, mpaka aseme mwenyewe kwamba anaishia hapo.