JE, MAJANI YAWEZA KUKUSAFISHA?

Usikitupe kikaratasi hiki. Kisome hata kama umekaa kijiweni.

Ukishuka stendi ya Korogwe, au ukipita Handeni siku ya gulio, utamsikia muuza dawa na spika yake: "Safisha damu! Safisha tumbo! Toa sumu!" Ana unga wa mlonge, magome ya mwarobaini na maji ya shubiri. Anakwambia usile ugali siku saba, unywe majani tu, na magonjwa yote yatatoka. Je, ni kweli?

1. MBOGA NI NJEMA

Mungu ndiye aliyeumba majani. Mchicha, kisamvu, mchunga, mlenda, machungwa ya Muheza, vyote ni baraka. Kula! Danieli na wenzake walikula mboga na maji siku 10 kule Babeli, wakaonekana wazima kuliko waliokula chakula cha mfalme (Soma Danieli 1:8-16). Lakini angalia sana: Danieli hakula mboga ili atakaswe. Alikuwa ameshaamua moyoni kumheshimu Mungu. Moyo ulitangulia, mboga zikafuata.

2. MWILI UNA MAFUNDI WAKE

Mungu amekuwekea ini na figo mbili. Figo zinachuja damu usiku na mchana, hata ukiwa umelala, na uchafu unatoka kwa mkojo. Hakuna majani yaliyothibitishwa kufanya kazi hiyo badala yake. Ukiharisha siku saba, kinachotoka ni maji na nguvu zako. Mwarobaini uliitwa hivyo kwa kuwa watu husema unatibu magonjwa 40. Jina si uponyaji!

Kumbuka mwaka 2011. Maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mti wa mugariga kwa shilingi 500. Wengine walifia njiani na kwenye foleni. Wengine waliacha dawa za hospitali wakidhani wamepona. Haikuthibitika kwamba kikombe kile kinaponya UKIMWI wala kisukari.

Kwa hiyo, kama unatumia dawa za kifua kikuu au za UKIMWI, usiziache kwa ajili ya majani. Zinatolewa bure. Hata ukiombewa leo mkutanoni, nenda ukapime. Uponyaji wa Mungu hauogopi kipimo.

3. MIMI NILIKUNYWA

Kabla sijaokoka niliuza gunia la mahindi la mama yangu kwa siri, nikaja mjini kula raha. Nikapata ugonjwa wa zinaa. Kwa aibu sikwenda hospitali. Nikanunua dawa ya kusafisha damu, nikanywa siku saba bila chakula. Siku ya sita nilianguka chooni. Tumbo lilikuwa tupu kabisa, lakini ugonjwa ulikuwepo, na lile gunia lilikuwa bado moyoni!

Sindano za hospitali zilitibu ugonjwa. Gunia halikuwa na sindano. Nilipompokea Yesu, nilirudi nyumbani, nikapiga magoti mbele ya mama, nikasema, "Mama, mwizi ni mimi." Akalia, akanisamehe. Mahindi nililipa kidogo kidogo. Usiku ule nililala usingizi nilioukosa miaka miwili.

4. UCHAFU ULIPO

Yesu alifundisha kwamba chakula kinaingia tumboni na kutoka. Kinachomtia mtu unajisi kinatoka moyoni: uasherati, wizi, tamaa, kiburi (Soma Marko 7:18-23). Mlonge haufiki huko. Inayofika ni damu ya Yesu tu (1 Yohana 1:7-9). Na hiyo haiuzwi stendi. Ni bure!

JIULIZE: Kuna gunia gani moyoni mwako? Ni nani unamkwepa njiani?

Kama uko tayari, fuatisha sala hii kwa imani:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimejaribu kujisafisha, nimeshindwa. Nisamehe. Nioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu. Nipe nguvu ya kutengeneza nilipoharibu. Amina."

Kama umeomba kwa kumaanisha, umeokoka! Sogea mbele uwaone wahudumu, au tafuta kanisa la wokovu lililo karibu nawe. Halafu nenda kwa mwenye gunia. Usingoje kesho.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.